Mlima haunijui

Ushuhuda wangu niliupanga tangu Sake, tulikoukimbilia mlima, kama fundi anavyopanga vipande vya kitenge kabla ya kukata. Jumapili ya kwanza baada ya watu kuruhusiwa kurudi Goma, mji wetu mashariki mwa Kongo, Juni 2021, mwongozaji wa ibada aliuliza nani ana neno la kumshukuru Mungu, nami nikawa wa kwanza kunyosha mkono. Nikasema moto wa Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ulishuka hadi kwetu Buhene, ukala nyumba za jirani, ukafika hatua 40 kutoka mlangoni pangu, ukasimama. "Mungu wetu ni mwenye enzi," nikasema. "Aliuambia moto: utafika mpaka hapa, lakini hutapita. Ametulinda." Kanisa likaitikia Amina. Mama mmoja nyuma akapiga vigelegele.

Mstari wa tatu, upande wa akina mama, alikuwa ameketi Mama Mapasa. Ndivyo tunavyomwita tangu ajifungue mapacha; jina lake la ubatizo wengi wamelisahau. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa zile hatua 40. Siku hiyo alikuwa amevaa blauzi yangu na kitenge cha kupewa, naye aliitika Amina kama wengine wote. Nilimtazama nione hasira usoni mwake, sikuiona. Ningeiona ingenipunguzia. Nikarudi kuketi kando yake, maana ndipo mahali pangu palipokuwa, na mahubiri yote ya siku hiyo sikuyasikia. Nilikuwa nasikia maneno yangu mwenyewe yakinirudia: kama Mungu alizuia moto usinifikie mimi, huyu naye alimfanyia nini?

Nilikulia Birere, mtaa wa Goma, kwa koko, mama mzaa mama. Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002, nikiwa na miaka 12, mlima ulipasuka ubavuni, moto ukala sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Kanisa kuu la Wakatoliki, Saint-Joseph, nalo halikusazwa. Sisi tulitoka na watu wengine kwa maelfu tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Koko alibeba sufuria moja kichwani, ndani yake Biblia, sabuni, na mkate wa muhogo aliokuwa ameufunga kwa jani la mgomba. Hakukimbia. Alisema ameshaukimbia mlima huu mwaka 1977, wakati ziwa la moto lilipotoka lote kwa chini ya saa moja, na tangu hapo anajua ni nani wa kukimbia na ni nani wa kutembea haraka.

Siku ya tatu tulirudi, kwa sababu njaa ya ugenini ni mbaya kuliko joto la nyumbani. Tulipita juu ya makoro, jiwe la moto wa mlima, ambayo juu yalikuwa yameganda meusi na chini yalikuwa bado mekundu; kandambili zilinata. Nyumba yetu haikuwepo. Hata mahali ilipokuwa sikuweza kupajua, maana barabara yenyewe ilikuwa imelala chini ya jiwe. Koko alisimama kwa muda, akavua kitambaa cha kichwa, akajifuta, kisha akafungua Biblia kwenye Zaburi ya 104 akasoma kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma bei sokoni: "Aitazama nchi, inatetemeka, aigusa milima, inatoka moshi."

Mimi nikaogopa kuliko nilivyouogopa moto. Nikamuuliza, "Koko, kwa hiyo ni yeye?"

"Ni yeye," akasema. "Ungependa awe nani?"

Sikumjibu. Kwa miaka mingi jibu lile niliona ni gumu, jibu la wazee, jibu la kumnyamazisha mtoto. Tulijenga nyumba ya mbao juu ya jiwe lilelile, kama nusu ya mji ilivyofanya, maana kuchimba msingi kwenye makoro ni kazi ya tajiri, na nyumba ya mbao unaweza kuing'oa ukaihamisha kwa chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha kusukuma. Koko alikufa mwaka 2014, kitandani, kwa uzee tu. Aliukimbia mlima mara mbili na haukumpata.

Ya Mei 2021 wengi mnayajua, kwa hiyo nitapita upesi. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22. Nilikuwa nashona sare za kwaya, mume wangu yuko Walikale kutafuta maisha, watoto watatu wako ndani. Kama saa moja ya jioni anga likawa jekundu. Mwanzoni watu walibishana: huyo ni Nyamulagira, ule mlima mwingine wa moto, si Nyiragongo, rudini mkale, Nyamulagira hutapika porini. Hakuna aliyekuwa ametuonya. Kisha umeme ukakatika, na katika lile giza tukaona kwamba wekundu unasogea. Nilimfunga mdogo mgongoni, wawili nikawashika mikono, cherehani nikaiacha na mguu wa suruali ya mwimbaji mmoja bado uko chini ya sindano. Tulitembea mpaka Himbi kwa dada yangu. Alfajiri wakasema moto umesimama.

Nilirudi Jumapili mchana. Nyumba yangu ilikuwa imesimama kama nilivyoiacha, mlango wazi, suruali chini ya sindano. Nikatoka nje nikaangalia upande wa Mama Mapasa. Palikuwa na ukuta mweusi unaotoa moshi, urefu wa mtu, kama fufu, ugali wetu, iliyofurika sufuriani ikakauka. Ncha moja ya bati ilitokeza kando. Yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza makaa, kwetu tunayaita makala, alikuwa amesimama mbele yake na mapacha, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa: "Mimi muuza makala. Angalia sasa, nimekuwa na ghala." Tukacheka. Sijui kwa nini tulicheka, lakini tulicheka mpaka mapacha nao wakacheka.

Kuna jambo moja ambalo sikulisema kanisani, na ndilo lililokuwa likinichoma zaidi ya zile hatua 40. Tulikuwa na likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ya wamama 10, kila mmoja dola 20 kwa mwezi. Zamu ya mwezi wa tano ilikuwa yangu. Mama Mapasa alinijia akaomba tubadilishane, kwa sababu alitaka kununua mifuko ya makala kabla bei haijapanda, nami nikakubali bila kufikiri mara mbili. Alhamisi akapokea dola 200 akaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Jumamosi likaja hilo lililokuja. Kama asingeniomba, pesa zingekuwa kwangu na zingepona. Au kama zingekuwa kwangu, labda ningezibeba nikaporwa njiani, nani anajua. Mtu unaweza kupotea kabisa ndani ya hizo "kama".

Matetemeko yaliendelea siku baada ya siku, mengine ya kuangusha sahani, na barabara zikapasuka. Alhamisi ya tarehe 27, kabla hakujapambazuka, amri ikatoka kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame, maana wataalamu waliona magma imeingia chini ya mji na chini ya ziwa, na ziwa Kivu lina gesi ndani yake ambayo hakuna anayetaka kuiona ikitoka. Watu wakamwagika kwenye njia ya Sake. Pikipiki, malori, mbuzi, magodoro, wagonjwa migongoni. Watoto wengi walipotea siku ile. Nilikuwa na mabaki ya vitenge kwenye mfuko, nikayachana vipande virefu nikawafunga mapacha mkono kwa mkono, kisha wangu, kisha nikajifunga mimi na Mama Mapasa. Tulitembea kama kamba ya samaki.

Sake tulilala kwenye darasa la shule, miguu ya huyu kichwani mwa yule. Jioni ya pili akaja mhubiri na kipaza sauti. Simlaumu kwa kuja. Watu walihitaji neno. Lakini neno alilokuwa nalo lilikuwa kwamba Goma imepigwa kwa sababu ya uasherati, ulevi na wizi, na kwamba waliounguliwa wajichunguze. Mama Mapasa alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika: "Basi mlima hauna macho. Nganda zote za pombe mjini zimesimama, na mimi ninayeamka saa kumi kupakia makala ndiye nimeungua." Darasa zima likaangua kicheko. Mhubiri akahamia darasa la pili.

Baadaye nilifikiri kwamba Bwana Yesu mwenyewe aliulizwa karibu swali hilohilo, akataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Wanaotutajia dhambi za Goma kila mlima unapotoa moshi sijawahi kuwasikia wakiufungua mlango huo wa Luka 13. Huwa wana haraka ya kufika kwenye kutubu, na kutubu kumo kweli, lakini kunawahusu walio hai wote, wenye nyumba na wasio na nyumba.

Narudi kwenye ushuhuda.

Jumatatu yake sikufungua kazi. Nilinunua dagaa wa sambaza huko Kituku, nikachukua na unga, nikaenda alipokuwa amejengewa hema la turubai kwenye kiwanja cha kanisa. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Nikamwambia, "Mama Mapasa, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa lipi?"

"Kwa maneno ya jana. Niliyasema mbele yako."

Alikuwa anapuliza moto. Aliendelea kupuliza mpaka ukashika, kisha akaketi juu ya jiwe. Nitajaribu kuyaandika maneno yake kama alivyoyasema, ingawa Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko hiki changu.

"Ulitaka useme nini? Kwamba upande wako wa njia alikuwepo Mungu, na upande wangu ulikuwa mlima peke yake?"

Nikanyamaza.

"Mimi jana niliitika Amina kwa sababu ulisema ni mwenye enzi. Kama ni mwenye enzi, ni mwenye enzi pande zote mbili. Ukiniondolea hilo unaniachia nini? Kama kwangu hakuwepo yeye, basi ulikuwepo mlima. Na mlima haunijui. Haujui kama nina mapasa. Haujui kama pesa zile zilikuwa za watu. Nikilia mpaka asubuhi, mlima hausikii. Mimi, kama ni kuunguliwa, nataka niwe nimeunguliwa mbele ya mtu ninayeweza kumuuliza."

"Na unamuuliza?"

"Kila usiku. Namsumbua mpaka nalala."

"Anakujibu?"

"Bado." Akamwaga sambaza kwenye mafuta. "Hebu nisogezee chumvi."

Miaka 19 ilikuwa imepita tangu siku nilipomuuliza koko swali lile juu ya jiwe la moto, na jibu lake likanirudia pale, mbele ya sufuria ya sambaza. Ungependa awe nani? Nilikuwa nimelisikia kama kufuli. Kumbe koko alikuwa ananiuliza kweli.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari jambo hili taratibu, kwa akili ya mtu wa cherehani, si ya chuo. Zamani nilipotamka kwamba Mungu ni mwenye enzi nilimaanisha kwamba mambo yangu yatakwenda vizuri. Nilikuwa kama mtu mwenye ndugu serikalini. Faraja ya namna hiyo ni nzuri mpaka siku karatasi zako zinapokwama kama za wengine. Mama Mapasa alikuwa na kitu tofauti. Hakuwa na maelezo yoyote. Ukimwuliza kwa nini nyumba yake, atakwambia hajui. Alichokuwa nacho ni mahali pa kupeleka swali.

Hapa kwetu tuna neno la kufungia kila msiba: "Njo vile." Ndiyo hivyo. Nalisema hata mimi, linasaidia kuvuta pumzi. Lakini "njo vile" halina uso. Halina wa kulaumiwa wala wa kulilia, na mtu akilikalia muda mrefu moyo wake unaganda kama makoro, juu baridi, chini moto. Wapo wanaosema kwamba imani katika enzi ya Mungu ni "njo vile" iliyovalishwa suti ya Jumapili. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni Ayubu. Someni sura za katikati, si ile mistari miwili ya mwanzo tunayoisoma kwenye vilio. Yule mtu analalamika kurasa na kurasa. Anataka kesi. Rafiki zake ndio wanaomtetea Mungu kwa sababu nzuri nzuri: umekosa mahali, chunguza, tubu, Mungu hakosei. Na mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia hao watetezi wake, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Na Ayubu mwenyewe hajapewa sababu. Amepewa kuonana na yule aliyekuwa akimwita.

Kuna na mashomoro. Mathayo 10, Biblia yetu ya Kiswahili inasema hata mmoja haanguki chini "asipojua Baba yenu". Kifaransa cha Segond, ambacho wengi hapa tunakisoma pia, kinasema haanguki bila mapenzi ya Baba yenu. Nilipogundua tofauti hiyo nilikwenda kumwuliza mchungaji wetu, naye akaniambia kwamba Kiyunani chenyewe ni kifupi kuliko vyote viwili: haanguki "bila Baba yenu". Basi. Bila Baba. Kila mfasiri akaongeza neno lake, huyu kujua, yule mapenzi. Mimi naipenda ile fupi. Na angalieni kwamba shomoro anaanguka. Miaka yote nilikuwa nausoma mstari ule kana kwamba unasema haanguki.

Niseme pia, kwa sababu nimewasikia watu wakichanganya: haya hayana uhusiano na kukaa bila kukimbia. Koko alisoma "aigusa milima, inatoka moshi" baada ya kuvuka mpaka na kurudi, si akiwa kitandani moto unashuka. Watoto wangu nimewafundisha Baba Yetu na nimewafundisha mazuku, ule upepo mbaya unaotoka ardhini ukalala mabondeni usiku na kuua mbuzi na mtu bila kelele: asubuhi mapema usishuke kwenye shimo, usimfuate mbuzi aliyelala humo. Mafundisho yote mawili wameyapata jikoni kwangu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini ninahitaji la pili kama ninalo la kwanza. Watoto wana akili kuliko tunavyodhani.

Sasa nifike mahali ambapo maneno yangu ni machache.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma. Tulilala chini ya meza ya kushonea, watoto katikati, mimi na Mama Mapasa pembeni. Wakati huo alikuwa amepanga chumba cha mbao karibu nami na mapacha wake walikuwa na miaka 10. Hapakuwa na umeme wala maji, na kwenda ziwani na bidoni ilikuwa ni kuhesabu milio kwanza. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 17, alipigwa na risasi iliyopita mbao za nyumba akiwa anakula. Nitaandika hayo tu.

Moto wa mlima hauna nia. Unaweza kumwambia Mungu, wewe uliumba mlima huu, nijibu. Lakini risasi ina mtu nyuma yake, mwenye kidole chake na dhambi yake, na kumwambia mama aliyefiwa kwamba Mungu ni mwenye enzi, mdomo wangu ulikataa. Kwenye kilio walikuja watu wengi wema. Mmoja wao, mama mtu mzima tunayemheshimu, akamwambia dada yangu, "Mungu amempenda zaidi, ni mpango wake." Mama Mapasa alikuwa anagawa chai. Akaweka chini birika, akapiga goti mbele ya yule mama kama inavyompasa mdogo, akamwambia kwa upole mkubwa: "Mama, shikamoo. Nyamaza kidogo. Tulie kwanza." Yule mama akanyamaza, na baada ya muda akaanza kulia yeye mwenyewe, nasi tukaelewa kwamba naye alikuwa na wake.

Tunampenda Yusufu na lile neno lake kwa ndugu zake, kwamba ninyi mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Nalipenda. Lakini lile neno lilitoka kinywani mwa Yusufu, kuhusu Yusufu, miaka mingi baadaye, ghala zimejaa. Hakuna mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo akamwambia chini kule. Angejaribu kumwambia, nadhani Yusufu angeomba kwanza kamba.

Kilichobaki mikononi mwangu wiki zile kilikuwa Zaburi ya 13, mstari wa kwanza tu: "Ee Bwana, hata lini?" Nilikuwa nausema nikiendesha cherehani, na cherehani yangu ni ya mguu, kwa hiyo maneno yaliingia kwenye mwendo wake. Hata lini, hata lini. Siku moja nikasimamisha gurudumu kwa mkono, kwa sababu niliona kitu. Huwezi kumwuliza "hata lini" mtu asiye na uwezo wa kukomesha. Sijawahi kumwuliza mwenye duka la pembeni vita vitaisha lini kwa sauti ya namna ile; ningemwonea bure. Swali lile lina mlango mmoja tu. Kumbe katika hasira yangu yote, hata siku ambazo sikuweza kuimba, nilikuwa bado namhesabu kuwa Bwana, maana nilikuwa namdai.

Dada yangu hajarudi kanisani. Simsukumi. Alhamisi anakuja kwangu, tunachambua sombe, majani ya muhogo, na wakati mwingine katikati ya majani anauliza kitu, hakiulizi kwangu, anaangalia dirishani. Mimi naendelea kuchambua.

Kiwanja cha Mama Mapasa kiko palepale chini ya jiwe. Miezi mingi baada ya Mei ile, mvua ikinyesha, jiwe lilikuwa bado linatoa mvuke, na mapacha walikuwa wanakwenda kuanika nguo juu yake. Sasa limepoa. Vijana wa mtaa wanalipasua kwa nyundo wanauza kokoto, naye anatoza sehemu yake, maana anasema jiwe limelala juu ya karatasi yake ya kiwanja. Kwenye nyufa amejaza udongo alioununua chukudu mbili, amepanda lengalenga, mchicha wetu.

Likelemba tumeianza tena. Benki zilifungwa vita vilipofika, pesa zote zikawa mikononi mwa watu, na wamama waliona heri kurudi kwenye daftari letu la zamani. Tumebaki saba. Tulipiga kura ya zamu, mimi nikatoka wa kwanza na Mama Mapasa akatoka wa mwisho. Nikaona ni nafasi. Nikamwambia mbele ya wote, tubadilishane, chukua yangu.

"Na wewe?" akasema. "Kubadilishana zamu na wewe? Tena? Hapana, Mama. Muulize mwingine."

Wamama wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kisha Mama Mapasa akachukua noti za mzunguko huo kunihesabia, moja moja, akiziinua kwenye mwanga wa mlango. Ya tano akaisimamisha, akaigeuza, akaona ukingo wake umechanika kidogo, upana wa punje ya mchele. Mjini noti kama hiyo hakuna atakayeipokea. Akairudisha kwa aliyeitoa na kumwambia aende abadilishe, tutamngoja.